Picha ya kifua ya mwaka 2014

Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa, uani kwetu Ngamiani kulikuwa na watoto wanane na picha moja ya kifua. Wenye nauli zao walikimbilia Rujewa, Mbeya, ambako jua lilibaki pete. Sisi Tanga tuliliona limemegwa tu, kama andazi lililoumwa. Redio ilikuwa imesema, au labda haikusema na sisi ndio tuliosikia hivyo, kwamba jua la namna ile hutazamwa kwa filamu ya eksirei. Mama mkubwa akainua godoro, akatoa bahasha ya kaki, na ndani yake picha aliyopigwa mwaka 2014 alipokuwa na kikohozi kisichosikia dawa. Mkasi ukafanya kazi yake, kila mtoto akapata kipande. (Baadaye nilikuja kujua kuwa ilikuwa hatari, filamu ile haizuii mionzi inayounguza jicho. Tuliponea chupuchupu.)

Mwaka 2019 akapigwa picha nyingine. Safari hii akaambiwa, "Mama, kuna kitu kifuani." Mtu wa Tanga ukimwambia ana kitu kifuani umemfungulia milango miwili kwa pamoja, wa hospitali na wa mganga, na majirani hawakukosekana wa kumsukuma kwenye ule wa pili. Kitu chenyewe kilikuwa kivuli cha mviringo, laini pembezoni, kimekaa kulia chini, pale moyo unapokutana na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Kituo cha kwanza, ambacho sitakitaja, kilisema TB. Makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, mashine inayosaka vijidudu vya TB, hayakuonyesha kitu. Dawa zikaanzwa hivyohivyo. Ikawa miezi miwili ya mkojo mwekundu kwa rangi ya dawa hizo. Picha ikarudiwa, na kivuli ni kilekile, ukubwa uleule, wala hakikutikisika. Hapo jina la ugonjwa likabadilika, ikawa saratani, na ukoo ukaanza kuchangishana.

Tulipomfikisha Dar es Salaam kwa bingwa wa radiolojia, swali lake la kwanza lilikuwa dogo mno hata nikadhani ananipotezea muda.

"Mama, una picha yoyote ya zamani?"

Nikapiga simu nyumbani. Wakapekua kabati, wakapekua sanduku la shuka. Kilichopatikana, ndani ya kopo la biskuti, ni kipande kimoja tu, na kilikuwa cha bega la kushoto.

Nimelitafuna swali lile kwa miaka sasa. Mjadala wetu wa vipimo vya picha umekuwa mjadala wa mashine: mkoa gani umepata, ipi imeharibika, nani alikata utepe. Nakubali, bila mashine hakuna cha kusoma. Lakini ukija kwenye uvimbe wa kifuani usio wa saratani, na hasa ule wa nadra ambao daktari anaweza kuuona mara mbili katika maisha yake ya kazi, mashine ni nusu ya kipimo. Nusu ya pili ni kumbukumbu ya jana, na hiyo tumeiacha ikaliwa na unyevu wa bahari na panya, na kwetu mkasi.

Tuanze na kivuli. Wilhelm Röntgen alipopiga picha ya mkono wa mkewe, Desemba 22, 1895, alichokipata ni kivuli cha mifupa na pete, na hadi leo eksirei haijawa zaidi ya hapo. Mwilini filamu inatambua rangi nne: hewa ni nyeusi, mafuta ni kijivu kilichokolea, maji na nyama ni kijivu cheupe, mfupa ni mweupe. Shida yote imekaa kwenye ile rangi ya tatu. Maji na nyama zinatoka sawa. Kifuko kilichojaa maji safi, bonge la nyama, tezi iliyovimba, moyo wenyewe, vyote filamu inavipaka rangi moja. Kwa hiyo anayesema "ni saratani" kwa kutazama eksirei moja tu ya kivuli laini cha mviringo, anasema kitu ambacho filamu haikumwambia.

Si kwamba filamu ni bubu. Mmarekani Benjamin Felson alionyesha tangu mwaka 1950 namna ya kuisemesha: ukingo wa moyo ukifutika mahali, jua kwamba kitu chenye uzito wa maji kimeugusa; ukingo ukiendelea kuonekana kupitia kivuli, basi kitu hicho kiko mbele yake au nyuma yake. Hesabu hii haitaki fedha. Picha ya pili inayopigwa kwa ubavu nayo si gharama ya kutisha, na inatenganisha mambo mengi: kivuli kilicho nyuma kabisa, jirani na uti wa mgongo, mara nyingi ni uvimbe wa mishipa ya fahamu, cha mbele, nyuma ya kidari, huwaza mtu tezi ya thaimasi, au goita iliyoshuka kutoka shingoni, au uvimbe wa mbegu za kiinitete ambao ndani yake hukutwa mafuta, nywele, hata jino. Lakini foleni ikiwa ndefu picha ya ubavu ndiyo ya kwanza kuachwa. Mama mkubwa alipigwa eksirei tatu kabla ya kuondoka Tanga, na zote tatu alisimama kifua mbele.

Na kuna vivuli ambavyo si vya mwili kabisa. Nilimwona fundi mmoja wa eksirei akifanya kazi, kijana mpole, kabla hajabonyeza kitu anasema kama mtu anayesoma dua: "Mama toa cheni. Toa hirizi. Nywele inua juu." Nikamuuliza habari ya nywele. Akaniambia mkia wa misuko ukilala juu ya bega hutoka kwenye picha kama ukungu kwenye ncha ya pafu, mahali hasa TB inapopenda kukaa. Chuchu ya titi hutoka kama kidonge cha mviringo. Fundo la kanga halina tofauti. Mtu anaweza kunywa dawa miezi sita kwa sababu ya msusi wake.

Sasa kuhusu yule daktari wa kwanza. Wengi mkisikia kisa hiki mnataka nimkaange. Simkaangi. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Mtu mzima, anakohoa, ana kivuli kifuani: mbele ya mgonjwa wa namna hiyo, hapa kwetu, kuanza kufikiria TB ni akili. Kosa lilikuja baadaye, picha ya pili iliporudi haijabadilika hata chembe. Makohozi yalikwishakanusha. Dawa nayo ikawa imekanusha. Shahidi wa tatu, kivuli kisichokua wala kupungua, akakanusha pia, na badala ya kuuliza "basi hiki ni nini?" wakarukia jina la kutisha zaidi. Kutoka TB hadi saratani kuna eneo pana lenye wakazi wengi, na hakuna aliyesimama hapo katikati.

Hapa ndipo neno "nadra" linaponitia wasiwasi. Sisi watu wa Tanga tuna somo letu la unadra, nalo limo baharini. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosari, alipatikana hai Afrika Kusini mwaka 1938, na dunia ikapigwa na butwaa. Kwa miongo mingi kila aliyepatikana alikuwa habari ya magazeti. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wavuvi wetu wa upande wa Kigombe wakaanza kumvuta kwenye jarife, mara mmoja, mara mwingine, hadi mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Je, samaki alizaliana ghafla? Hapana. Nyavu ndizo zilizoshuka kina ambacho hazikuwa zikifika. Unadra wake ulikuwa, kwa sehemu kubwa, urefu wa kamba zetu.

Kifua cha binadamu kina silikanti wake. Mwaka 1961, huko Ufini, Järvi na Saxén walieleza uvimbe wa ajabu unaokaa chini ya kombe la bega, kati ya mfupa huo na mbavu, kwa watu wenye umri, wanawake zaidi. Jina lake elastofibroma. Ukaandikwa kama kitu cha nadra. Mwaka 1975 wachunguzi kutoka hukohuko wakapasua maiti za watu waliozidi miaka 55 wakiutafuta kwa makusudi: wakakuta mabadiliko ya aina hiyo kwa wanawake asilimia 24 na wanaume asilimia 11. Waliokuja kupekua picha za siti skani za wazee waliopimwa kwa sababu nyingine wakaukuta kwa asilimia 2 hivi. Angalia namba hizo zinavyoshuka: kwa kisu na darubini, 24, kwa siti skani, 2, kwa kliniki ya kawaida, ambako mzee akisema mgongo unamkwaruza huambiwa ni uzee, karibu na sifuri. Kitu ni kilekile. Kilichotofautiana ni kina cha wavu.

Nimeuingiza uvimbe huu kwa sababu nao tuliukuta kwa mama mkubwa, bila kuutafuta.

Siti skani, kwa asiyeijua, si eksirei kubwa. Ni kitu cha namna nyingine. Mwanafizikia Allan Cormack, akiwa Cape Town katika hospitali ya Groote Schuur mwaka 1956, alianza kuumiza kichwa: kama mionzi ikipita mwilini kutoka pembe nyingi, je, hesabu inaweza kutuambia kila sehemu ya ndani imeizuia kwa kiasi gani? Uingereza, Godfrey Hounsfield akatengeneza mashine, na mgonjwa wa kwanza akapimwa kichwa mwaka 1971. Mwaka 1979 wakagawana Tuzo ya Nobel. Kilichotokea hapo ni kwamba kivuli kiligeuka namba. Maji ni 0. Hewa ni hasi 1000. Mafuta yako karibu na hasi 100, nyama ni kati ya 30 na 60 hivi, mfupa ni mamia. Ile rangi ya tatu iliyotusumbua kwenye filamu ikapasuka, maji yakaenda upande wake na nyama upande wake.

Bingwa alinisogezea kiti nitazame. Akaweka kiduara kidogo katikati ya kile kivuli kilichotufanya tuuze mbuzi wanne. Namba ikajitokeza pembeni: 4. Akakisogeza kiduara huku na huku, 2, 5, 3. Wakapiga tena baada ya dawa ya mshipani, na namba hazikupanda, maana kisicho na damu hakiwezi kupokea dawa. "Maji," akasema. Ukuta wake mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Kifuko cha utando wa moyo. Mtu huzaliwa nacho, na hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika laki moja. Madaktari wa zamani walikiita kwa Kiingereza kifuko cha maji ya chemchemi kwa jinsi maji yake yalivyo safi. Upande wa kulia, pembeni ya moyo, ndiko kinakopenda kukaa, yaani hapohapo kilipokuwa tangu mwanzo. Mama mkubwa alikuwa ametembea nacho miaka sitini na kitu.

Tukashukuru Mungu, tukatoka nje. Ripoti ikaja kesho yake, na mstari wa mwisho ukaturudisha chini: uvimbe pande zote mbili za mgongo, chini ya makombe ya bega. Binamu yangu akaanza kulia palepale kwenye benchi. Kwake yeye, na kwangu pia, uvimbe ukiwa sehemu mbili maana yake umesambaa. Ikabidi turudi. Bingwa akafungua picha, akatuonyesha kitu kama mkeka uliosukwa vibaya: mstari wa nyama, mstari wa mafuta, mstari wa nyama, kulia na kushoto kama mapacha. Elastofibroma. Kuwa pande mbili, ambako sisi kulitutisha, yeye kulimtuliza, kwa kuwa uvimbe huu mara nyingi huwa pande mbili. Mwanamke mwenye umri, mahali ni pale pale panapotarajiwa, nyuzi za mafuta ndani, pande zote mbili: hapo hata kuchukua kinyama hakuhitajiki. Kama hauumizi, unaachwa.

Akamuuliza mama mkubwa alifanya kazi gani ujanani. Akasema aliajiriwa kwenye shamba la mkonge, upande wa Muheza, miaka kumi na tisa ya kubeba singa mbichi zilizotoka korona na kuzianika kwenye waya. (Tanga, kabla ya janga, korona ilikuwa mashine ya kuchakata mkonge tu, na wazee wetu walipata taabu kuelewa kwa nini dunia nzima imeiogopa.) Daktari akamwambia wapo wanaodhani kombe la bega likisuguana na mbavu miaka mingi ndipo nyuzi hizi hujijenga, lakini akaongeza kwamba huko Okinawa, Japani, walipohesabiwa wagonjwa 170, karibu theluthi moja walikuwa na ndugu wenye uvimbe huohuo, kwa hiyo damu nayo ina neno lake. Mama mkubwa hakuisikiliza Okinawa.

"Nyuzi, daktari?"

"Ndiyo mama, nyuzinyuzi na mafuta."

"Singa hizo. Mkonge umenifuata mpaka humu."

Richard Hindorf alileta miche ya mkonge mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo 62 likatoka jeshi zima la watu waliokunja migongo kati ya Korogwe na Pangani. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuwapapasa wanawake wa mashamba yale chini ya makombe ya bega. Haitaki siti skani. Mtu anainamisha mkono mbele, uvimbe unachungulia pembeni ya mfupa, anaurudisha, unajificha. Kisha altrasaundi, ileile inayotazama mimba, ikiwekwa hapo inaonyesha ule mkeka wa nyuzi bila chembe ya mionzi. Naisema altrasaundi kwa makusudi, kwa kuwa tunayo mpaka vituo vya chini na tumeifanya kuwa mali ya wajawazito. Kitu chochote kilichogusa ukuta wa kifua au moyo inaweza kukifikia, na swali la "maji au nyama" inalijibu vizuri sana. Kifuko cha mama mkubwa kingeweza kuonekana hivyo. Ingekuwa nauli ya daladala badala ya basi la kilometa 350 na mbuzi wanne.

Nisije nikaonekana nahubiri kwamba kila uvimbe wa kifuani ni wa kuachwa. Kuna uvimbe wa utando wa pafu, wa nyuzi vilevile, ambao kwa wagonjwa wachache hutoa kitu kinachofanana na insulini. Mtu asiye na kisukari anaamka alfajiri anatetemeka jasho, sukari imeanguka, na wote wanatazama kongosho kumbe mwizi yuko kifuani. Doege na Potter waliueleza mwaka 1930, kila mmoja kivyake. Huo hukatwa, na hata ukikatwa hufuatiliwa kwa miaka, maana baadhi yake hugeuka. Uvimbe wa mishipa ya fahamu nao unaweza kupenya tundu la uti wa mgongo ukawa na umbo la mchi, sehemu nje, sehemu ndani. Hapo emarai (MRI), kipimo cha picha kinachotumia sumaku, lazima itangulie kisu. Kuna ule wa mbegu za kiinitete uliokwisha kutoboa njia ya hewa, mgonjwa akakohoa nywele. Nywele kweli. Fikiria angekohoa nywele hizo Ngamiani, angepelekwa wapi kwanza.

Na namba nayo hudanganya. Kifuko kinachotokana na njia ya hewa kinaweza kuwa na majimaji mazito kama uji, namba ikapanda hadi ikafanana na nyama, msomaji akaapa ni uvimbe mgumu. Emarai ndiyo inayomwokoa. Kinyume chake, kuna picha zinazojisema zenyewe hata kwa mwanafunzi: hamatoma, ambao ndio uvimbe usio wa saratani unaopatikana zaidi ndani ya pafu, ukiwa na mafuta yanayoonekana au chembe za chokaa zilizochanua kama bisi, umekwisha kujitambulisha. Lakini mwingi wake hauna bisi, na wasiozoea humngoja bisi asiyekuja.

Sindano ya kuchukua kinyama ina nafasi yake, lakini watu wengi huidhani ndiyo mwanzo wa ukweli. Kifuani inatakiwa ije baada ya picha nzuri. Kuna "uvimbe" ambao ni mshipa mkuu wa damu uliotutumka. Kuna mwingine pembeni ya mgongo ambao ni mfuko wa utando wa uti wa mgongo wenye maji yake. Ukidunga hivyo kwa kukisia, umeua au umelemaza. Hata ukidunga salama pafu linaweza kuvuja hewa. Mtu anayesema "tuchukue kinyama tumalize ubishi" kabla ya kuuliza namba na dawa ya mshipani, mimi sitamlaza ndugu yangu mbele yake.

Nirudi kwenye wakati, maana ndio uliobeba hoja yangu. Saratani nyingi za pafu zilizo ngumu hujirudufu ujazo ndani ya siku 400, nyingine ndani ya mwezi. Kivuli kigumu ambacho hakikukua kwa miaka 2 huhesabiwa, kwa kanuni ya zamani ambayo bado inafanya kazi, kuwa si saratani kwa uwezekano mkubwa. Ila tega sikio hapa: kitu cha mviringo kikijirudufu ujazo, upana wake unaongezeka asilimia 26 tu. Kilichokuwa milimita 10 kinakuwa milimita 12.6. Jicho haliwezi kulikamata hilo kwa kukumbuka, na ripoti iliyoandikwa "kivuli kidogo kulia" haiwezi kulipima. Inatakiwa picha yenyewe, iwekwe kando ya picha, na rula. Picha ya mwaka 2014 ingekuwa na umri wa miaka 5 mbele ya ile ya 2019. Kivuli kilekile mahali palepale, na ni nadra mno saratani ngumu ya pafu kukaa kimya miaka 5 bila kuongeza hata ukubwa wa punje ya mtama. Asingemeza kidonge kimoja cha TB. Pengine siti skani yenyewe ingefanyika kwa utulivu, mara moja, bila mbuzi, na ni jambo la maana kwa sababu siti skani moja ya kifua ni mionzi ya eksirei za kifua makumi kadhaa, hata mamia.

Mwaka 2021, katika ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, serikali iliingiza mashine za siti skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Nililipigia makofi na bado nalipigia. Lakini ukikaa benchi nje ya chumba cha siti skani popote pale, tazama watu wanavyotoka: mkononi wana karatasi. Picha mia tatu zimebaki ndani ya kompyuta, na kompyuta ina umri wake, na mgonjwa akihamia Handeni kwa mwanawe au akipelekwa Dar, ile karatasi inasema "uvimbe kifuani, fuatilia." Ufuatilie na nini? Sahani ya CD huulizwi, unaiomba, na ukiiomba unatazamwa kama mwizi. Wakati wa filamu walau mgonjwa alikuwa mtunzaji wa historia yake, hata kama aliitunza chini ya godoro. Tumehama kwenye filamu bila kuhama na jukumu.

Sasa inakuja programu ya kompyuta inayosoma eksirei. Shirika la Afya Duniani liliruhusu mwaka 2021 itumike kuchuja TB kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na mahali pasipo na msomaji itaokoa maisha, sina ubishi. Ninachoogopa ni kwamba imefundishwa swali moja. Ukiiletea kifuko cha maji ya chemchemi itakupa alama ya TB, kubwa au ndogo, kwa sababu ndicho ilichoulizwa. Haitasema "mama, una picha ya zamani?" Na msomaji aliyechoka, saa kumi jioni, akiiona alama kubwa, atafanya kama yule wa kwanza.

Mama mkubwa ana miaka sabini na moja sasa. Kila mwaka anakwenda altrasaundi ya moyo kutazama kama kifuko kimeongezeka, na hakijaongezeka. Mwaka huu nilimsindikiza. Daktari mpya, binti mdogo, alimpa shikamoo, akamwuliza kama ana picha za zamani. Mama mkubwa akafungua pochi, akatoa sahani ya CD iliyofungwa kwenye kipande cha kanga, akaiweka mezani. Kisha akazama tena mle ndani na kutoa filamu ndogo iliyokatwa kwa mkasi, ukingo umejikunja.

"Na hii?" binti akauliza, akiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Bega langu la kushoto," akasema. "Usilipoteze."